Siku Garifalia Alipokipoteza Kijiji

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, saa sita kasorobo mchana, Garifalia alibonyeza kitufe kimoja tu, na kijiji kizima cha Asfendilia kikatoweka.

Nyumba zilibaki, msiwe na wasiwasi. Kanisa lilibaki, na mbuzi wa padri Stratis walibaki juu ya ukuta wakila maua ya watu kama kawaida yao. Waliotoweka ni watu mia mbili themanini na saba waliokuwa ndani ya kompyuta: majina yao, presha zao, sukari zao, magoti yao mabovu, vidonge vyao vya asubuhi na vya jioni. Wiki tatu za kazi. Kwenye kioo, mahali palipokuwa na orodha ndefu, palikuwa na mstari mmoja mfupi: Wagonjwa 0.

Garifalia alifumba macho, akafumbua. Sifuri ilikuwa pale pale, imenenepa, imetulia.

"Haiwezekani," alisema, ingawa alijua fika kwamba inawezekana, na alijua ni kosa la nani.

Na hapo ndipo palipouma. Garifalia alikuwa mtunga programu hodari, mwanamke wa miaka thelathini na nne. Kampuni moja ya Iraklio, mji mkubwa wa kisiwa chao cha Krete, ilimlipa afanye kazi akiwa nyumbani, katika chumba kilicho juu ya jiko la mama yake, na wenzake wa kampuni walimwogopa kidogo kwa jinsi alivyokuwa akikagua kazi zao bila huruma. Kosa kama hili, lingefanywa na mwingine, angelicheka mwezi mzima.

Mambo yalianza kiangazi, ilipofika barua kutoka mjini. Zahanati ya Asfendilia, ilisema barua, itafungwa mwisho wa mwaka, isipokuwa kama daftari lake la wagonjwa litakuwa limeingizwa kwenye kompyuta, kwa mpangilio ambao hospitali nyingine zinaweza kuusoma. Mkaguzi angekuja Ijumaa ya tatu ya Novemba kujionea kwa macho yake. Zahanati yenyewe si ya kuringia: vyumba viwili, kabati la mafaili, muuguzi mmoja aitwaye Argiro, na daktari Iordanis, kijana wa Thesaloniki aliyepanda mlima kila Jumatatu na Alhamisi. Lakini ikifungwa, kila aliyetaka kupimwa angelazimika kushuka mjini, dakika hamsini za kona tupu.

Stamatia, mama yake Garifalia, alikuwa na vali ya bandia ndani ya moyo na vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, na damu hiyo ilipaswa kupimwa kila baada ya wiki mbili. Kwenye gari alikuwa akitapika kuanzia kona ya tatu. Mwaka juzi, daktari alipokosekana kwa miezi miwili, Stamatia alisema atashuka mjini kesho, na kesho, na kesho, mpaka siku moja Garifalia akamkuta amelala kwenye sakafu ya jiko, mdomo umepinda. Alipona, mshukuruni Mungu. Lakini zahanati ikifungwa Stamatia asingeshuka mjini, na mama na binti wote wawili walilijua hilo bila kulitamka.

Kwa hiyo Garifalia alijitolea. Mtandao wa milimani hukatika wingu likipita, basi alisema seva ya wagonjwa, yaani ghala la kumbukumbu zao, ikae pale pale zahanati, ijitegemee, isihitaji mtandao wa mtu. Programu yenyewe ipo, ya bure, imetengenezwa na watu wanaojua kazi yao. Aliichukua, akaifungua kwenye kompyuta yake mpakato ndani ya ile programu anayoandikia kazi zake za kila siku, akabonyeza "washa". Ikawaka. Akaiweka kompyuta juu ya meza ya Argiro, na muuguzi yule, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na alikuwa hajawahi kugusa kompyuta, akavaa miwani yake na kuanza kunakili mafaili kwa kidole kimoja.

Sasa, seva ile ukiiwasha kwa namna ya majaribio haiandiki chochote kwenye diski. Inashika kila kitu kichwani, kama mhudumu wa mgahawa asiye na karatasi. Ukiizima, imesahau. Garifalia alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza alisema atalibadilisha kesho. Kwa wiki tatu kompyuta haikuzimwa hata mara moja, na kesho ikaendelea kuwa kesho. Ama kweli alikuwa mtoto wa mama yake.

Na Jumanne ile alitaka nini? Rangi. Argiro alikuwa amelalamika kwamba rangi ya kijivu juu ya ukurasa inamkumbusha matanga, akatoka kwenda kumchoma sindano mgonjwa nyumbani. Garifalia akasema amfurahishe, aweke bluu. Akabadilisha, akaizima seva, akaiwasha tena. Bluu ilitoka nzuri sana.

Alibeba kompyuta chini ya kwapa akaenda nayo nyumbani, akapita nyuma ya kanisa ili asikutane na Argiro.

Chumbani kwake alikaa saa nzima akitafuta njia. Kunakili upya kulihitaji wiki tatu, naye alikuwa na siku tatu. Mwandiko wa Argiro kwenye yale mafaili hakuna aliyeweza kuusoma isipokuwa Argiro. Ndipo akakumbuka kwamba watunga programu wana ujanja wao: ipo programu inayotengeneza wagonjwa wa bandia kwa ajili ya majaribio. Unaiambia mia tatu, inakupa mia tatu, kila mmoja na jina lake, umri wake na maradhi yake. Garifalia akaiambia mia mbili themanini na saba. Dakika mbili hazikuisha, orodha ikajaa, imependeza kuliko ya mwanzo. Mkaguzi wa mjini angejuaje?

"Huyu Polihronis Xenulakis ni nani?" aliuliza Stamatia, aliyekuwa amepanda ngazi na sahani ya maharage na sasa amesimama nyuma yake akisoma.

"Mama! Siku hizi huwezi kubisha mlango?"

"Mikono yangu imejaa. Polihronis ni nani? Hapa kijijini hakuna Polihronis. Na huyu Kliti ana miaka mia na mbili na ana mimba?"

Garifalia akatazama. Kweli, Kliti alikuwa na mimba.

"Ni wa bandia, mama."

"Na Argiro umemweka wapi? Mimi umeniweka wapi?"

Hapo Garifalia, mwanamke mzima na mshahara wake, akaangua kilio. Akamweleza mama yake yote, kuanzia rangi ya kijivu mpaka sifuri. Stamatia aliweka sahani chini, akasikiliza mpaka mwisho, akamfuta binti yake pua kwa aproni, kisha akateremka jikoni. Baada ya muda ukasikika mlango wa kabati, na bakuli.

Garifalia akashuka. "Unafanya nini?"

"Umepoteza kitu. Naoka keki ya Mtakatifu Fanouris. Nipe unga."

"Mama, mtakatifu hawezi kurudisha vitu vilivyofutika kwenye kompyuta."

"We umemuuliza?"

Kwao huko hakuna anayecheka jambo hilo. Aliyepoteza pete, mbuzi au mchumba, anamwokea mtakatifu keki, naye atafunua kilipo. Vitu vinavyotiwa lazima viwe saba au tisa, mayai hayatiwi wala siagi, na Stamatia alivihesabu kwa vidole: unga, mafuta ya zeituni, sukari, maji ya machungwa, mdalasini, zabibu kavu, jozi, karafuu, magadi. Tisa. Lakini shida ya keki hiyo ni kwamba haiokwi kimyakimya. Hailiwi nyumbani. Inapelekwa kanisani ikaombewe, inakatwa, inagawiwa watu, na kila anayepokea kipande anauliza swali lile lile.

Kesho yake, Jumatano, saa kumi na moja jioni, baada ya sala, keki ilikuwa juu ya meza uani mwa kanisa na nusu ya kijiji imeizunguka. Walikuwa wametoka moja kwa moja mashambani kuchuma zeituni, majani yamewanasa kwenye nywele, na walikuwa na njaa.

"Mungu amrehemu mama wa mtakatifu," walisema mmoja mmoja wakichukua vipande, kama inavyopasa, kwani husemwa mama huyo alikuwa mwenye dhambi. Kisha mzee mmoja, mdomo umejaa, akauliza: "Haya Stamatia, nani kapoteza nini?"

Stamatia alimtazama binti yake. Alikuwa mwanamke wa kweli huyu Stamatia, asiyesema uongo hata kwa bei ya jibini, lakini alipoona uso wa mtoto wake akafungua kinywa na kusema, "Funguo. Funguo za gari."

"Ah, funguo," watu walisema.

"Si funguo," alisema Garifalia.

Sauti ilitoka ndogo. Akakohoa, akairudia kwa nguvu.

"Si funguo. Nimewapoteza ninyi. Nyote. Kila alichoandika shangazi Argiro kwenye kompyuta kimefutika, na nimekifuta mimi kwa uzembe wangu. Mkaguzi anakuja keshokutwa na hakuna kitu."

Waliokuwa wakitafuna waliacha.

Argiro alikuwa amesimama karibu na kisima, kipande chake mkononi. Alikitazama, akakila chote, polepole, akapangusa vidole. Garifalia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Wiki tatu," alisema Argiro.

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa kidole hiki kimoja."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Na kama mama yako asingeoka, Ijumaa ungemwonyesha nini huyo mkaguzi?"

Garifalia akainamisha kichwa. "Nilikuwa nimetengeneza watu wa bandia."

"Wa bandia!" Argiro alishika kiuno. "Na mimi ningekuwa naumwa nini?"

"Sijui, shangazi. Kulikuwa na mmoja ana miaka mia na mbili na ana mimba."

Wa kwanza kucheka alikuwa padri Stratis, ambaye cheko lake huwa linaanzia tumboni na kuchukua muda kufika juu. Likafika. Kisha ua zima likalipuka. Bibi mmoja alishika ukuta kwa kucheka. "Huyo ni mimi!" alipiga kelele. "Mungu anisaidie, nani baba?"

Argiro hakucheka, lakini pembe ya mdomo wake ilicheza. "Mnacheka," alisema, "na zahanati inafungwa. Mafaili siwezi kuyanakili kwa siku moja hata mkinipa vidole kumi."

"Mafaili ya nini?" alisema yule mzee wa keki. "Sisi si tupo hapa? Mtu akipotea unamtafuta. Sisi tumeshapatikana, tuandike."

"Kesho mko mashambani."

"Kesho zeituni zitasubiri."

Kwa watu wale, kusema zeituni zisubiri katikati ya Novemba ni sawa na kusema mtoto asubiri kuzaliwa. Walitazamana. Hakuna aliyepinga. Garifalia alisikia macho yanamwasha tena, safari hii kwa sababu nyingine, akakimbilia nyumbani kabla hawajamwona.

Kazi ya kwanza aliyofanya ni kubadilisha mistari minne, ile aliyoiahirisha wiki tatu, ili seva iandike kila kitu kwenye diski. Akawafuta akina Polihronis na Kliti na mimba yake. Akajiandika mwenyewe, peke yake, akaizima seva. Akaiwasha. Wagonjwa 1. Akaizima na kuiwasha mara sita zaidi, kwa hofu tu.

Alhamisi asubuhi walianza. Daktari Iordanis alikuwa chumba cha ndani akiona wagonjwa wake kwa mafaili ya zamani, na chumba cha nje kikageuzwa. Kwa kuwa seva ilikuwa pale pale ndani, haikumwomba mtu mtandao. Kompyuta yoyote iliyokuwa chumbani iliweza kuzungumza nayo. Garifalia alishika moja. Ya pili alishika Evlambia, mke wa padri (kwao mapadri huoa), aliyepiga taipu miaka kumi na tisa katika ofisi ya wakili kabla hajaolewa na ambaye vidole vyake vilitoa mlio wa mvua juu ya bati. Argiro hakugusa kompyuta. Alikaa katikati, akauliza maswali, na aliyedanganya alimjua.

"Unavuta?"

"Niliacha."

"Lini?"

"Nilipoingia mlangoni."

"Andika anavuta."

Siri za watu nazo zilitunzwa, usidhani. Walitundika shuka katikati ya chumba, na waliosubiri wakafungulia redio kwa sauti ya juu, zeze la Krete likilia mpaka vioo vinatetemeka, ili wasisikie. Basi waliokuwa nyuma ya shuka nao wakalazimika kupiga kelele, na kijiji kizima kikajua kuhusu bawasiri ya mwenye mkahawa. Yeye mwenyewe alitoka na kuinama mbele ya wote kama mwigizaji jukwaani.

Shida kubwa ilikuwa umri wa akina mama. Bibi Zafiria alikataa katakata kuutaja. Aliuandika kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne, akampa Evlambia, na baada ya kuandikwa akakirudisha kifuani. Lakini walisema mambo ambayo hakuna faili lililowahi kuyajua. Mmoja alisema tangu mumewe afe halali. Mwingine, jitu la mwanamume, mchunga kondoo, alisema kwa sauti iliyozama chini ya redio kwamba ana uvimbe na amekuwa akiuficha tangu Pasaka. Argiro akainuka, akamshika mkono, akampeleka ndani kwa daktari.

Daktari aliondoka saa nane kama ratiba yake. Watu waliendelea kuja. Wa mwisho alikuwa mzee Fanouris Bolanakis, mwenye miti mia tatu ya zeituni na asiyeweza kuiacha mpaka jua linazama. Shavu moja lilikuwa limevimba kwa jino; asubuhi alipita kwa daktari dakika mbili, akaandikiwa vidonge, akarudi shambani bila kusubiri foleni. Alieleza maradhi yake yote kwa dakika tatu, akasisitiza kwamba ni mzima wa afya, akaaga. Evlambia akapiga herufi ya mwisho. Wagonjwa 287. Garifalia na Argiro wakakumbatiana, na mke wa padri akatoa ulimi nje kwa uchovu.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mkaguzi akafika. Bwana Pologiorgis alikuwa mtu mrefu, mweupe pe kwa zile kona, na kitu cha kwanza alichoomba ni limau. Stamatia, aliyekuwa uani pamoja na watu wengine wote, alimletea mwenyewe na kumtazama akilinyonya kwa huruma ya mtu anayejua. Daktari Iordanis naye alikuwa amepanda mlima, ingawa haikuwa siku yake.

Mkaguzi aliketi mbele ya kompyuta. Alifungua huku, akafungua kule, akatikisa kichwa mara mbili bila kusema ni kwa uzuri au kwa ubaya. Kisha akasema, "Izime."

"Samahani?" alisema Garifalia.

"Seva. Izime, uiwashe tena. Nimeona mengi mimi."

Garifalia akaizima. Ilipokuwa inawaka, mistari ikishuka kwenye kioo, alisikia Argiro nyuma yake akimwomba mtakatifu kwa jina. Kisha: Wagonjwa 287.

"Vizuri," alisema Bwana Pologiorgis. "Sasa nipeni mafaili matatu. Nitachagua mwenyewe."

Akaliendea kabati, akachomoa matatu pasipo mpango. La kwanza, sawa na kompyuta. La pili, sawa. La tatu alilisoma, akatazama kioo, akalisoma tena.

"Fanouris Bolanakis," alisema. "Faili linasema amewahi kupewa penisilini mara mbili, hakudhurika. Kompyuta yenu inasema penisilini ni hatari kwake. Kipi ni kweli?"

Mkaguzi akavua miwani.

"Niliuliza hapo uani nikaambiwa orodha hii imechukuliwa kwa maneno ya watu, tena wanakula keki. Siwezi kutia sahihi orodha isiyolingana na mafaili. Mnanielewa? Mtu anaweza kufa kwa kosa kama hili."

Garifalia akageuka. Dirishani alimwona mama yake kwenye benchi la uani, amekaa wima, mikono mapajani.

"Mwiteni mzee mwenyewe," alisema Argiro. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mzee Fanouris akaingia, kofia mkononi, shavu limevimba zaidi ya jana.

"Mzee wangu," alisema mkaguzi, "umewahi kudhurika na dawa?"

"Nilishamwambia mke wa padri. Jeshini, Kilkis, mwaka sabini na nne. Walinichoma sindano, koo likaziba, nikaamka baada ya siku mbili padri wa jeshi amekaa miguuni pangu. Penisilini. Jina silisahau, nilimpa punda wangu."

"Faili linasema umepewa baada ya hapo mara mbili."

"Mimi? Tangu nitoke jeshini sijachomwa hata mwiba na daktari."

Argiro alikuwa amelichukua faili na kulisogeza karibu na macho. Akaketi.

"Hili si lako," alisema. "Ni la binamu yako, Fanouris wa kinuni. Bomba lilipopasuka tukahamisha kabati, mafaili yakalowa, nikayatia majalada mapya. Mmeitwa wote jina la babu yenu. Nimekosea mimi. Miaka kumi na mitano limekaa hivi, nami nililinakili hivi hivi kwenye ile orodha ya kwanza iliyofutika. Neno kwa neno."

Daktari Iordanis akasema polepole, "Mzee, vile vidonge nilivyokuandikia jana kwa ajili ya jino. Umeshaanza?"

"Hivi?" Mzee akatoa kijisanduku mfukoni. "Aa, bado. Binti wa duka la dawa aliniambia nikivinywa nisiguse pombe, na kesho tunapika raki kwangu, watu sitini wanakuja. Nikasema nitaanza Jumapili. Kwani vina nini? Kilichonidhuru ni sindano, hivi ni vidonge."

Daktari alinyoosha mkono, akakichukua kile kijisanduku kutoka kwenye vidole vya mzee, akakitia kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. "Ni dawa ya ukoo ule ule wa penisilini," alisema. "Niliandika kwa kufuata faili. Mzee wangu, niliandika kwa kufuata faili."

Fanouris aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamwona Argiro analia, akamwendea, akaweka kofia yake kichwani mwa yule muuguzi, kama wanavyomfanyia mtoto, akasema, "Nyamaza wewe. Niko hapa, si unaniona?"

Bwana Pologiorgis alivaa miwani. Alilirudisha faili kabatini mwenyewe na kulifunga kabati, akageuza ufunguo. Akaketi, akavuta karatasi yake, akaandika kwa muda mrefu, mistari mingi kuliko nafasi iliyokuwepo, na mwisho akatia sahihi.

"Kila zahanati ninayokwenda, wamenakili mafaili," alisema. "Hakuna hata moja iliyouliza watu. Mtaendelea. Na nitawaleta wengine hapa waje kuona mlivyofanya."

"Niwaambie ukweli wa jinsi tulivyofanya?" aliuliza Garifalia.

"Kuna kitu sijaambiwa?"

"Kipo," alisema Garifalia, huku moyo unamruka kwa furaha mpaka akaona haya. "Nitakusimulia, lakini kunywa kahawa kwanza."

Akatoka mbio mlangoni. Ua lote liligeuka kumtazama, na alitaka kutangaza vizuri, kwa maneno ya maana, maana siku kama hii haiji mara mbili. Lakini Stamatia alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alikuwa amekunja mkono wa sweta mpaka juu ya kiwiko, na mkono wake mweupe ulikuwa wazi kwenye baridi ile, tayari kwa sindano ya kupima damu.

"Zahanati inabaki, mama," alisema Garifalia. "Inabaki."

"Basi mwambie daktari asiondoke," alisema Stamatia, akimpita binti yake mlangoni. "Mimi ni wa kwanza."